Kigari cha Mama Kavira: nilivyokaribia kufuta rangi ya kiwandani kwa sababu ya neno "mwekundu"

Wakuu, amani kwenu. Haya yamenipata mwenyewe, hapa Goma, na sehemu inayoniaibisha sitairuka.

Tangu nilipostaafu kufundisha Kilatini ninaandaa orodha ya vigari vya zamani vya chuma cha kusubu, vile vya kuchezea vinavyoenea kiganjani. Ninachofuatilia hasa ni rangi zake. Kiwanda kiliweza kutoa modeli moja kwa rangi mbili miaka mingi, kisha siku moja rangi ikaisha kwenye pipa, wakatumia nyingine, vikatoka vigari vichache visivyoandikwa popote. Vigari hivyo ndivyo ninavyovitafuta.

Mama Kavira anauza maharagi katika soko la Mabanga. Aliposikia habari ya kazi yangu, alinijia nyumbani na kigari cha mizigo kilichofungwa katika kitambaa. Kilikuwa kimekaa miaka juu ya rafu ya jikoni, kimekuwa cheusi kwa moshi wa makaa.

"Mualimu, yaya yangu anakuya juma ijayo, anatoka Butembo. Hatujaonana miaka mingi. Hii, baba njo alitununulia. Bingine byote bya kwetu, lava ilibichoma. Muirudishe vile ilikuwa, aitambue."

(Ndugu wa Dar na Mombasa, msishangae: kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa, si mlezi wa watoto; njo ni ndiyo; na lava ni ile ya volkeno iliyounguza mitaa ya mji wetu.)

Nikamuuliza kilikuwa cha rangi gani.

"Mwekundu."

"Una hakika, mama?"

"Nilikuwa naicheza mbele mukuwe mualimu," yaani kabla mimi sijawa mwalimu.

Nilipokiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, moshi ukatoka na rangi ya kahawia ikajitokeza. Orodha zote nilizo nazo zinaitaja modeli hiyo kwa rangi mbili tu, nyekundu na kijani hafifu. Nikapima: orodha zinasema nyekundu, mwenye gari anasema nyekundu. Mashahidi wawili wasiojuana wanakubaliana. Basi kahawia ni kazi ya fundi wa baadaye, na nyekundu imelala chini yake.

Hoja ilinipendeza. Nikaenda Ndosho kwa mafundi wanaopaka magari rangi, nikarudi na kichupa cha dawa ya kuondolea rangi.

Kanuni yangu ni kujaribu kwanza mahali pasipoonekana. Niliichovya njiti ya kiberiti, nikagusa nyuma ya gurudumu. Kahawia ikavimba. Nikaipangusa.

Chini yake hapakuwa na nyekundu. Palikuwa na chuma kitupu.

Doa lenyewe halikuzidi kichwa cha njiti, lakini nilijua kwamba kilichotoka pale hakirudi.

Nikaketi, nikafanya nilichopaswa kukifanya kabla ya kwenda Ndosho. Kwa tochi na lenzi nilichungulia ndani kupitia kioo cha plastiki. Upande wa ndani wa paa ulikuwa na rangi ileile ya kahawia. Ribiti mbili zinazoishika sakafu hazijawahi kuchokolewa, na hakuna fundi anayeweza kupaka huko ndani bila kuzing'oa. Kahawia ilitoka kiwandani. Nilikuwa na rangi isiyomo katika orodha yoyote niliyowahi kuiona, na nilikuwa nimeshaanza kuifuta.

Kwa nini, basi, Mama Kavira aliniambia mwekundu?

Kesho yake nilikwenda Mabanga, kigari mfukoni, nikamwomba anionyeshe pale sokoni kitu chochote chenye rangi ile aliyoitaja. Hakufikiri. Alitia mkono katika gunia la maharagi ya Rutshuru, akafungua kiganja.

"Si hii? Mwekundu."

Yalikuwa ya kahawia. Nikakiweka kigari juu ya gunia, na kwa umbali wa hatua mbili tu ungeshindwa kukiona.

"Na zile?" nikamwonyesha pilipili za jirani yake.

"Zile nazo mwekundu. Mualimu, muko na homa?"

Kwake neno hilo moja linabeba pilipili, tofali, maharagi, na hata mtu mwenye ngozi ya maji ya kunde. Nami nilipokuwa mtoto nilisema vivyo hivyo. Shule ndiyo iliyonifundisha kuligawa, nikasahau kwamba si kila mtu aligawa pamoja nami. Mashahidi wangu wawili hawakuwahi kukubaliana.

Nikamwonyesha doa, nikakiri. Alilipapasa kwa kidole.

"Yaya njo atasema," akajibu, akamgeukia mteja.

Papa Kambale, huyo kaka yake, alifika Jumapili baada ya misa. Mama Kavira aliniita niwepo, nami nisingekataa. Mzee alikichukua kigari mezani, akakipeleka penye mwanga wa mlango, akakigeuza taratibu. Kidole kikasimama penye doa.

"Hapa nani alikwangua?"

"Mimi, Papa. Nilitaka kuondoa rangi yote."

Alinitazama kama mtu anayeitazama pikipiki iliyomkosa kidogo.

"Mungeiondoa yote, ningesema hii si ya kwetu. Ningemuambia huyu, walikudanganya."

"Nilimuambia mwekundu," Mama Kavira akasema, "yeye akawaza pilipili."

Papa Kambale alicheka mpaka akatafuta kiti. Kigari hakukirudisha mezani hata chakula kilipoletwa. Alikula kwa mkono mmoja.

Wakuu, funzo nililopata ni hili: mtu akikutajia rangi, mwombe akuonyeshe. Sasa orodha yangu ina safu mpya, na ndani yake naandika neno alilolitumia mwenye gari na kitu alichokinyooshea kidole, kabla sijaandika neno langu.

Kama pipa lile lilitosha gari moja, lilitosha na mengine, nami naamini yapo majumbani mwenu, juu ya rafu za jikoni. Mwenye nalo asilisugue wala asilipake. Achungulie paa kwa ndani, kisha aniandikie hapa chini ameona nini, na kwao rangi hiyo wanaiitaje.