Jina Ambalo Kipaza Hakulitaja

Kwenye ukumbi wa kufuma, mashine zote zikiwashwa, watu huongea kwa vidole na midomo. Yeye hakuhitaji vidole. Akiita kutoka mlango wa stoo, fundi aliye upande wa pili wa ukumbi anageuka. Ndiyo maana wenzake wakambandika jina la Kipaza, na siku walipotafuta katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi hawakuumiza kichwa. Walimtaka mtu ambaye meneja hawezi kujifanya hakumsikia.

Mashine iliyopakana na yake iliendeshwa na wifi yake, mke wa kaka yake. Waliingia kiwandani pamoja wakiwa wasichana. Kaka mtu alikuwa akija getini kumchukua dada yake, lakini macho yake yalikwenda kwa yule mwingine, na Kipaza hakuchoka kutania kwamba alifanya kazi ya ushenga bila hata kuambiwa asante. Wanawake hao walikula chombo kimoja na kuazimana kanga. Wakinuniana, ilikuwa mpaka kengele ya chai tu.

Kisha mama yake Kipaza akapooza upande mmoja. Kipaza ndiyo kwanza alikuwa amechaguliwa katibu, na alikuwa tayari kuachia ngazi. Wifi yake akamkatalia.

"Wewe kaa na watu wako," alimwambia. "Mama niachie mimi."

Akaacha kazi. Alimwogesha mkwewe, akamgeuza kitandani asipate vidonda, akamlisha kwa kijiko kama mtoto, mpaka mama yule akakata roho kichwa kikiwa mapajani mwake. Kipaza alikuwa kikaoni. Msiba ulipokwisha, wifi akaomba kazi upya, akapewa namba mpya na mkataba mpya kana kwamba hakuwahi kukanyaga pale. Hakuna aliyejali. Alirudi kwenye mashine ileile, wakaendelea kuongea kwa vidole.

Ukatibu wa miaka ya mwanzo ulikuwa wa makelele. Kipaza alikuwa na hasira ya haki, lakini hakuwa na mpango. Asubuhi moja aliitisha mgomo kwa kuchukizwa na neno la msimamizi wa zamu. Kufika jioni mgomo umesambaratika na vijana kadhaa wamefukuzwa. Alikwenda nyumbani kwa kila mmoja kuomba radhi. Makao makuu ya chama yalipomwita, alidhani anavuliwa uongozi. Kumbe walikuwa wanampeleka mafunzoni.

Chuo chenyewe kilikuwa jengo la kupanga, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa kulalamika. Walifundishwa kuendesha kikao kisigeuke gulio, kusoma hesabu za kampuni, kupanga kazi za ofisi, kujua lini ukubali na lini usimame. Mkufunzi wao alikuwa nesi mstaafu, mama mwenye sauti ndogo kiasi kwamba washiriki walilazimika kusogeza viti ili wamsikie. Wakati wa mazoezi ya majadiliano alimpa Kipaza nafasi ya mwajiri, na Kipaza akaicheza vizuri mno hata wenzake wakamnunia mpaka saa ya chakula.

Mwishoni mwa somo moja, mkufunzi aliwaambia jambo ambalo Kipaza alilibeba.

"Siku utakapotumia kiti chako kumwokoa mtu wako, umewauza wengine wote. Hata kama mtu wako anastahili."

Alirudi akiwa mtu mwingine. Vikao vilianza kwa wakati, na malalamiko yalipokelewa na kufuatiliwa hadi mwisho. Alisikiliza zaidi kuliko alivyosema, na wafumaji wakamtania kwamba chuo kimemwibia betri. Wifi yake alikuwa wa kwanza kumsifu.

Ndipo kampuni ikatangaza kufunga nusu ya ukumbi. Menejimenti ilitaka kuchagua yenyewe wa kubaki, na kila mtu alijua maana yake: watabaki wapambe wa wasimamizi, na waliowahi kulalamika watakwenda na maji. Kipaza alikaa nao mezani wiki baada ya wiki. Hakupayuka. Alibishana nao kwa hesabu zao wenyewe, akaokoa mashine ambazo walishaziandika kuwa chuma chakavu, na mwisho wakakubaliana kuhusu kipimo kimoja kisicho na upendeleo: aliyeajiriwa mwisho ndiye atakayetangulia kutoka.

Alipokuwa akikitetea kipimo hicho alijua nani ana mkataba mpya. Alijua tangu mwanzo.

Jioni ya kutia saini, meneja utumishi alimsubiri kwenye korido. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwa upole kwamba wanaifahamu hali ya familia yake, na kwamba kama kuna jina moja angependa lisiguswe, alitaje tu, halitaulizwa na mtu. Baadaye Kipaza alisema kwamba jina lilimfika kwenye ulimi, akalimeza kama mtu anayemeza mfupa.

"Hakuna," alijibu.

Angeweza kunyamaza, na siri ingekufa. Lakini alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, akamkuta wifi anakunja nguo za watoto, akamweleza yote, pamoja na ya kwenye korido. Aliamini kwamba yule, kuliko mtu yeyote duniani, angeelewa.

Wifi aliendelea kukunja mpaka nguo zikaisha.

"Waliokuzidi elimu wamekufundisha mengi," alisema. "Lakini meneja alipokuambia utaje jina moja, hukumkumbuka aliyemgeuza mama yako kitandani?"

"Nilimkumbuka," Kipaza akasema. "Sikukumbuka mwingine."

"Basi ni vibaya zaidi."

Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni akisikia. Baadaye alimsindikiza dada yake hadi barabarani, akamwomba asije kwa muda. Muda huo haukuisha. Wifi hakupata kibarua kingine, na mwisho familia nzima ikahamia upande wa kwao mwanamke, mbali. Watoto waliozoea kumrukia shangazi yao getini waliondoka bila kuagwa naye. Alipopiga simu, ilipokewa kwa adabu na kukatwa mapema.

Kiwandani, waliobaki walimheshimu. Chama kilianza kumwita chuoni kusimulia namna tawi lake lilivyojadiliana, kama mfano mwema kwa viongozi wapya, na alikwenda. Katika darasa moja, dereva mmoja aliyechaguliwa katibu majuzi alimuuliza kama angerudishwa kwenye ile korido angefanya nini.

"Ningekataa tena," Kipaza alisema. "Lakini msiniombe niseme kwamba nilifanya vizuri. Sijui. Mama yangu angekuwepo, nadhani angenifukuza nyumbani."

Hakuna aliyeandika. Akaomba ruhusa, akatoka nje kidogo, kisha akarudi kumalizia kipindi.

Mwaka uliofuata, mfumaji aliyetoka safari ya kwao wifi alimpa pole getini. Kipaza akauliza pole ya nini. Yule akababaika, kwani alidhani Kipaza anajua: binti mkubwa wa kaka yake ameolewa, harusi imepita, na watu walikuwa wakiuliza shangazi mtu yuko wapi. Wakaambiwa ni mgonjwa.

Kipaza alimshukuru kwa habari. Akamuuliza bibi harusi alivaa nini, alipendeza vipi, kama alilia, na nani alikaa upande wake. Alisikiliza jibu lote akiwa amesimama palepale, watu wa zamu wakimpita kulia na kushoto. Kisha akaingia ofisini, akafunga mlango, na aliyekuja kugonga akiwa na shida yake aliambiwa kwa sauti ya chini asubiri kidogo.