Pumzi ya Ndani ya Meme

Haya yalitokea hapa hapa Louisville, upande wa kusini, kwenye nyumba ya kupanga ambayo ukitaka nitakupeleka nikuonyeshe mlango wake. Sikuhadithiwa na mtu, wala sikuota. Sikuwa na homa. Nilikuwa na akili zangu zote, na ilikuwa mchana, jua la baridi likiingia dirishani. Nakwambia mapema kwa sababu najua utakavyonitazama nikifika katikati.

Mimi ni mtu wa Fizi, Kongo, ila nimekulia kambini Nyarugusu, Kigoma, ndiyo maana wenzangu wa Bukavu wanakicheka Kiswahili changu. Nilipofika Amerika nilianza kazi ghalani, kupakia maboksi, mpaka mgongo ukagoma. Nikasoma kozi ya kuhudumia wagonjwa majumbani. Kampuni ikanipeleka kwa mzee mmoja, mkimbizi kutoka Bhutan, mtu wa dini ya Buddha. Watu wake walimwita Meme, yaani babu, nami nikamwita hivyo hivyo. Mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Madaktari walishaacha kutibu, nesi alikuwa akija kumpunguzia maumivu tu. Aliishi na binti yake Pasang, mama wa makamo anayefanya kazi kiwandani. Mtoto wa kiume wa mzee, Dawa, alikuwa mbali, Kenmore, juu kidogo ya Buffalo.

Ndiyo, jina lake Dawa. Kwa lugha yao ni mwezi. Basi wiki za kwanza mzee akiita, "Dawa, Dawa," mimi nakimbilia chupa ya kikohozi. Ananitazama, anameza. Pasang alipogundua alicheka mpaka akakaa chini. Maskini, mzee alikuwa anamtaka mwanawe, mimi namnywesha sharubati chungu.

Toka hapo tukawa marafiki. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, na changu hakikuwa na cha kujivunia, lakini watu wawili waliokaa kambini hawahitaji maneno mengi. Yeye kambi yake ilikuwa Nepal. Nilipomweleza turubai linavyovuja na foleni ya unga ilivyo, alitikisa kichwa akasema kwao foleni ilikuwa ya mchele.

Kila asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, miguu ameikunja, mgongo umenyooka, macho nusu wazi. Nikajua ni sala. Siku moja nikamuuliza, "Meme, unamwomba nani?"

"Simwombi mtu," akasema. "Nafanya mazoezi ya kufa."

Wewe ungejibu nini? Mimi nilikunja shuka.

Pasang aliporudi kutoka kazini akatutafsiria. Mzee alisema mawazo ya mtu hayatembei yenyewe, yanabebwa na upepo mwembamba unaopita mwilini, kwenye njia ambazo hata daktari akipasua hazioni. Mtu anapokufa, upepo ule unarudi kidogo kidogo mpaka kifuani. Kwanza mwili unakuwa mzito kana kwamba unazama. Halafu mdomo unakauka. Halafu joto linaondoka, kisha pumzi. Hasira zako, jina lako, nchi uliyoikimbia, vyote vinazimika.

"Na kinachobaki?" nikauliza.

"Ujuaji wenyewe," akasema. "Mweupe, hauna mwanzo wala ukingo. Kila mtu anafika pale. Wengi wanapitiliza bila kuujua, kama mtu aliyesinzia kwenye basi akapitwa na kituo chake."

Ndipo akaniomba. Pumzi yake ikikata, asishikwe. Asililiwe sikioni. Asiitwe jina, maana mtu akiitwa anageuka, na akigeuka amepoteza. Nilimkubalia kama unavyomkubalia mgonjwa lolote. Mimi ni mlokole, niliokoka nikiwa binti. Niliyasikia maneno yake kwa heshima, nikayaacha pale pale nilipoyasikia.

Asubuhi aliyokata pumzi, theluji ilikuwa imeifunga Buffalo. Inatoka ziwani, inashuka kama ukuta, barabara zinafungwa. Dawa alikuwa kwenye simu, Pasang ameiweka kwa sauti karibu na mto. Sikuelewa lugha, lakini kilio nakielewa.

"Anamwambia Baba amsubiri," Pasang akaninong'oneza.

Mzee alinionyesha kwa kidole kwamba anataka kukaa. Nikamnyanyua, mwili mwepesi kama wa mtoto, nikamwekea mito nyuma, akakunja miguu mwenyewe. Akatoa pumzi moja ndefu. Nikasubiri avute nyingine. Bado nasubiri, ukitaka ukweli.

Nesi akaja, akamsikiliza kifua, akamulika macho, akasema pole. Amekufa. Yeye na Pasang wakakubaliana kwamba familia ikae naye kwa muda, mradi chumba kiwe baridi. Tukazima hita, tukafungua dirisha kidogo. Pasang akawasha taa ndogo ya betri mfano wa mshumaa, kwa sababu kwenye nyumba zile ukiwasha moto wa kweli kengele ya moshi inapiga. Kampuni nayo ikanipigia simu: kazi yangu pale imekwisha, nirudi nyumbani.

Nikavaa koti. Pasang akanishika mkono.

"Dada, usiende. Nikibaki naye peke yangu nitamlilia. Najijua. Nitamkumbatia."

Basi nikavua koti.

Dawa alipata njia kesho yake. Alikuwa apitie Columbus kumchukua lama wao, mwalimu wa dini, aliyemfundisha mzee tangu kambini. Tukawa tunasubiri, mimi na Pasang kwa zamu, mmoja jikoni, mmoja chumbani. Na hapa ndipo naomba unisikilize vizuri.

Nimeosha maiti wengi. Kambini tulioshana wenyewe. Najua mtu akifa anakuwaje baada ya saa chache, na kesho yake, na rangi yake, na harufu. Meme hakuwa hivyo. Shingo ilikuwa imesimama. Uso ulikuwa na rangi ya mtu aliyetoka kuota jua. Mikono yake iliyokuwa mapajani ilikuwa imepauka na haikuwa na uhai, niliiona. Lakini ukisogeza kiganja karibu na kifua chake, bila kumgusa, ulisikia uvuguvugu. Pale katikati tu. Chumba kilikuwa baridi mpaka nilivaa kofia. Joto lile lilitoka wapi?

Utasema ni baridi ndiyo iliyomtunza. Sawa, nami nilijiambia hivyo. Tatizo halikuwa mwili.

Umewahi kuingia chumba chenye giza, ukajua kuna mtu ndani kabla hajasema kitu? Ilikuwa hivyo, ila mchana wa ile siku ya pili. Nilikuwa kwenye kiti, Pasang amelala sebuleni. Nikaanza kumfikiria mama yangu. Mama alikufa Nyarugusu, na sisi wote tulikuwa juu yake, tunamtikisa, tunapiga kelele arudi, mchungaji anakemea mauti kwa sauti ya kupasua turubai. Macho yake ya mwisho yalikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa. Hilo jambo nimelibeba miaka yote. Sasa lilinirudia, nikawa karibu kulia kwa sauti.

Ndipo nikajua natazamwa.

Macho ya mzee hayakusogea, sitakudanganya. Hakuna kilichosogea. Lakini kuna mtu alikuwa macho mle chumbani, macho kuliko mimi. Hakuwa upande wa kitandani tu. Alikuwa kote, mpaka nyuma ya kiti changu, mpaka ndani ya kile nilichokuwa nafikiri. Nikataka kukimbia, miguu ikakataa. Kisha hofu ikakosa pa kushika, kwa sababu yule aliyenitazama hakutaka kitu kwangu. Hakunihurumia hata. Aliijua tu ile huzuni yangu, yote, kama mwanga unavyoijua sakafu. Nikamwona mama, siyo kwa sura, na ule uso wake wa mwisho haukunichoma tena. Nikasema polepole kwa Kiswahili, "Samahani, Meme," maana nilihisi nimemsumbua. Niliposema tu, chumba kikarudi kuwa vitu vyake vichache: kitanda, mzee, taa ya betri.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Machozi yalikuwa yamenikaukia shavuni.

Nikaenda jikoni nikampigia dada yangu mkubwa, naye yuko hapa hapa Louisville, nikamweleza. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Uvira alikoolewa:

"Mudogo yangu, toka mu ile nyumba. Bon, sikiliza. Mutu akikufa, analala. Ile yenye inabakia, si mutu."

"Yaya, hakuna ubaya humu."

"Shetani nayo haikujaka na mapembe. Donc, toka."

Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hayo hayo. Niliomba kwa jina la Yesu, pale jikoni, nikasubiri kitu kiondoke. Hakuna kilichoondoka, na amani ilikuwa ile ile. Nikaosha vikombe.

Sijamaliza vikombe, mlango ukagongwa. Walikuwa watu wawili wa kampuni ya mazishi, na kitanda chao cha magurudumu. Jirani alikuwa amesikia kuna maiti, akamwambia msimamizi wa nyumba, naye akawaita bila kutuuliza. Pasang akaamka, akaona kile kitanda, akawawahi mlangoni.

"Bado," akasema. "Kaka yangu yuko njiani. Tafadhali."

"Mama, tumeitwa," akajibu mkubwa wao, mzungu mnene wa hapa hapa Kentucky, ndevu nyeupe. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu anayefanya kazi yake.

Mimi si mtu wa kubishana na watu wenye sare. Lakini nilijikuta nimesimama mlangoni mwa chumba. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kile kile, "Ingia wewe peke yako. Usimguse. Weka mkono karibu na kifua chake, ukitoka niambie kama tumwondoe."

Akavua kofia, akaingia. Nilimwona kwa nyuma. Alinyoosha mkono, akausimamisha hewani. Akakaa hivyo. Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua mzigo. Alipotoka hakunitazama usoni.

"Tutakuja mtakapotuita," akasema. Akamwashiria mwenzake, wakaondoka taratibu, wakiyanyanyua magurudumu yasipige kelele sakafuni.

Dawa na lama walifika jioni ile, jua halijazama bado. Dawa alikuwa kijana mpana, viatu vimejaa chumvi wanayomwaga barabarani Buffalo kuyeyusha theluji. Alipomwona baba yake ameketi, alifungua mdomo amwite. Pasang akamziba kwa kiganja. Wakakaa chini wawili, kaka na dada, wameshikana, wanalia bila sauti.

Lama alikuwa mtu mdogo, koti la kawaida la dukani juu ya nguo yake nyekundu. Alimtazama mzee, akatabasamu kama anayesoma habari njema. Akakaa naye. Baada ya muda akamsogelea, akamwambia maneno machache sikioni, akagonga kengele ndogo mara moja.

Kichwa cha Meme kikainama. Tone la maji likatoka puani. Na niamini, mbele ya macho yetu uso ule ulibadilika: rangi ikaenda, mashavu yakaingia, na muda si mrefu chumba kikawa na harufu ninayoijua. Akawa maiti kama maiti wengine. Nikasogeza kiganja changu kifuani kwake, nikakuta baridi.

Nilimfuata lama jikoni. Nikamuuliza, "Alikuwa hai?"

"Pumzi ya nje ilikwisha jana," akasema. "Ya ndani imekwisha sasa. Sisi tunaita tukdam. Wachache wanaweza."

"Alikuwa anamsubiri mwanawe?"

"Hapana," akasema, akamtazama Dawa aliyekuwa mlangoni anasikiliza. "Alikuwa anafanya kazi yake. Lakini wewe ulifika ikiwa haijaisha. Furahi."

Dawa akainamisha kichwa. Nafikiri angependa kusikia kwamba alisubiriwa.

Nikamweleza lama habari ya kutazamwa. Hakushangaa. Aliniambia aliyenitazama hakuwa mzee, kwamba pale alipokuwa mzee hakuna "mimi" wala "yeye," na kwamba kile nilichokihisi ni changu pia, ninacho siku zote, ila mawazo yangu yana kelele. Sikuelewa vizuri, na mpaka leo sielewi vizuri. Nakupa kama nilivyopewa.

Bado naenda kanisani kwangu, bado naimba kwaya. Dada yangu hataki tuzungumzie jambo hili, na kwenye harusi akiniona na Pasang huwa anakaa meza nyingine. Mimi lakini sijarudi kuwa nilivyokuwa. Kuna saa niko kwenye foleni ya dukani, au nasubiri taa ya barabarani, ghafla kelele za kichwani zinakata, na ule ujuaji unakuwepo, mpana, hauna haraka. Unapita. Zamani niliogopa kuwa peke yangu chumbani na mgonjwa. Siku hizi ndiyo kazi ninayoiomba.

Sasa nakuonya, na silifanyii mzaha. Siku moja utasimama pembeni ya kitanda cha mtu wako. Utataka kumtikisa, kumwita, kumpigia wajomba simu ya video wamwone. Usifanye hivyo. Toa watoto wenye kelele, zima simu, kaa chini. Ukishindwa kuzuia kilio, tokea nje ukalie huko. Na nesi akishasema amekufa, wewe usikimbilie kusema lolote la siri, la ugomvi wala la kurithi mbele yake, ukidhani chumba ni kitupu.