Wimbo wa Kiingereza Niliowatafsiria Wazazi

Haya, chekeni mapema kabisa mmalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa, na aibu yenyewe nimeibeba miaka yote hii bila msaada wa mtu. Nilikuwa kidato cha nne katika shule moja ya bweni kule Muleba, na kwa sababu nilikuwa napata A ya Kiingereza niliamini kwamba hakuna neno la lugha hiyo linaloweza kunipita. Wenzangu waliniita Malkia kwa kunikejeli (na mimi nikawa naitika).

Mahafali yalipokaribia tukaambiwa tuchague wimbo wa kuagana. Rafiki yangu Asimwe, ambaye kwa miaka minne nililala kitanda cha juu naye cha chini, akapendekeza wimbo mmoja wa Kiswahili ambao kila mtu aliujua. Nikamjibu mbele ya darasa zima, "Asimwe, huo waachie chekechea." Akaninyamazia wiki mbili, na nilijua fika kwamba akishamaliza mtihani anahamia Mwanza kwa shangazi yake, lakini kiburi kikanizuia kuomba radhi.

Wimbo wangu niliusikia kwenye simu ya matroni: wa Kiingereza, wa polepole, kinanda kinalia, mwimbaji naye karibu alie, na mle ndani nikanasa maneno mawili, "kwaheri" na "rafiki". Basi, nikaona yametosha. Mengine yote niliyaandika kama sikio lilivyoyapokea, nikawafundisha wenzangu arobaini, tena nikaongeza madoido yangu: tukifika kwenye kiitikio kila mmoja amnyooshee kidole mzazi wake, kisha aweke mkono kifuani.

Siku ikafika. Baba alitoka Kagondo alfajiri, amevaa koti lake la harusi. Mgeni rasmi alikuwa mchungaji mstaafu, mama mmoja mpole aliyewahi kusoma Ulaya. Tukaimba, vidole vikanyooshwa, wazazi wakapiga vigelegele. Nikamwona mchungaji amejifunika mdomo kwa leso, nikadhani analia kwa kuguswa, nikaongeza sauti.

Tulipomaliza baba akasimama (baba yangu mimi, si wa mtu mwingine!) akaanza kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, Mwalimu Mkuu, wimbo ni mtamu, ila sisi wengine tumetikisa vichwa tu. Binti yangu anakijua sana hicho Kiingereza. Atutafsirie."

Makofi. Nikapewa maikrofoni. Hapo ningesema tu "sijui" yakaisha, lakini baba alikuwa ananitazama kwa fahari ambayo sijawahi kuiona, nikashindwa.

"Ubeti wa kwanza," nikasema, "unasema asanteni wazazi kwa ada na malezi."

"Eheee!" wazazi wakaitikia, na utamu ukanipanda kichwani.

"Wa pili unasema walimu wetu, Mungu awazidishie." Mwalimu wa Kiingereza alikuwa ameinama mpaka paji linakaribia kugusa magoti.

"Na kile kiitikio?" mchungaji akauliza, taratibu.

"Kinasema... kwaheri rafiki, hatutakusahau."

"Mwanangu, umekosea kidogo tu," akasema. "Huyo ni mwanaume, anamwambia mke wake: kwaheri, naondoka na rafiki yako."

Halafu mama mmoja huko nyuma akamaka kwa Kihaya, "Mawe!", yaani mama yangu wee, na turubai zima likalipuka kwa kicheko, na ndipo nilipokumbuka vile vidole, darasa zima tumewanyooshea wazazi wetu tunawaambia tunaondoka na rafiki zao. Badala ya kukimbia nikaanza kulia palepale na maikrofoni mdomoni, kwikwi zikasikika mpaka barabarani.

Aliyekuja kunitoa ni Asimwe. Akaichukua maikrofoni akasema, "Wazazi, huyu ndiye amenifundisha Kiingereza chote ninachokijua. Nikifeli mtajua pa kuanzia." Watu wakacheka tena, safari hii bila kuniumiza. Kisha akaninong'oneza, "Sasa sema ulichokuwa unataka kusema. Kwa Kiswahili."

Nikasema, huku kamasi zinanitoka, kwamba nilimkosea mbele za watu nikaona raha, na kwamba sijui nitalalaje huko mbele bila kusikia mtu anakoroma chini yangu. "Sikoromi!" akapiga kelele, akanikumbatia, na sasa mchungaji akalia kweli.

Wakati wa chakula nilikaa na baba nikimngoja anigombeze. Akanihamishia vipande viwili vya ndizi kutoka sahani yake, akatafuna kwa muda mrefu, akauliza, "Hivi, yule mke, mwishowe ikawaje?"

"Sijui, baba," nikamwambia. "Sikuelewa hata neno."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema hivyo mbele ya mtu, na niliapa kwamba siku nyingine nitaanzia hapo.