Kinyozi wa Drastiki

Kinyozi wa jirani na stesheni ya Itigi haulizi mteja anataka mtindo gani, anauliza, “Ya kawaida au drastiki?” Neno hilo la Kiingereza analipenda kuliko mashine yake. Mvua ikikatika, drastiki. Chai ya Belinda, jirani yake, ikizidi sukari, drastiki. Asiyejua maana anaelezwa taratibu, kiganja chenye poda kikiwa kimetulia utosini mwake: “Ni kubadilika mpaka mama yako mzazi akuamkie shikamoo.” Belinda, pale jikoni kwake, amewaona wa kawaida na wa drastiki wakitoka na kichwa kile kile, na hajasikia mtu akilalamika.

Mpaka alipokuja Anselm, aliyekuwa safarini kwenda kujitambulisha ukweni. Alichagua drastiki, akaelezwa maana yake, akanyolewa. Alijitazama kiooni, akasema, “Mbona ni mimi yule yule?” Kinyozi akapunguza pembeni. “Bado ni mimi.” Akapunguza tena, jasho likimtoka, na wateja kwenye benchi wakaanza kutazamana. Ndipo mama yake Anselm, aliyekuwa akingoja nje na ndoo ya asali ya wakwe, akisikia yote, akaingia, akapiga goti mbele ya kiti. “Shikamoo, baba.”

“Marahaba,” akajibu Anselm, akainuka uso unang'aa. Kinyozi akabaki anaitazama mikono yake kama vitu vya kuazima. Mlangoni Belinda akamnong'oneza yule mama, “Kweli, mama, hukumjua mwanao?”

“Nimzae mimi, nisimjue?” akasema, akijitwika ndoo. “Treni inapiga honi, mwanangu.”