Alama Tulizosema ni za Sindano

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi Nyeri, na maisha yangu yote ya kazi nimekuwa nikitoa wagonjwa damu kwenye maabara. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Mkimwona Jumapili akisalimia watu mlangoni hamtaamini nitakayosema, na ndiyo sababu sijawahi kuyasema. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na safari hii kifo chenyewe hakinitafuti mimi.

Miaka ya tisini, nikiwa mke mpya kutoka Kangema, nilipata nafasi ya kusomea kazi hii. Wakati huo chuo chetu hakikuwa na mikono bandia ya mpira ya kujifunzia kudunga. Tulijifunza sisi kwa sisi. Mnakaa wawili wawili, mwenzako anakufunga mpira juu ya kiwiko, anapapasa mshipa, anakudunga. Akikosea unavimba, kisha inakuwa zamu yako. Mwenzangu alikuwa kijana mpole wa Doldol, mwoga kiasi kwamba aliniomba msamaha kabla hata hajanigusa.

Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Kila jioni, kabla sijabandika chai kwa jiko, alinikunja mkono wa sweta akitafuta alama.

"Hii ulidungwa na nani?"

"Mwenzangu wa darasa."

"Mwanaume?"

Nikinyamaza, kofi. Nikijibu, kofi. "Ati unasoma. Ni masomo gani hiyo ya kushikwashikwa mkono na wanaume?" Alinipiga kwa mshipi, kwa mwiko, na siku moja kwa kipande cha mbao alichotoka nacho kazini. Alipenda kunifinya palepale penye sindano mpaka damu ianze kutoka tena. Nilimchukia. Nilimchukia kabisa, na bado nilimpakulia chakula.

Ubaya ni kwamba masomo yaliyoniletea kipigo ndiyo yaliyokificha. Kila aliyeona mikono yangu nilimwambia, "Ni masomo, huwa tunadungana." Mama mkwe alicheka akasema hao watu wa chuo watanimaliza damu. Watu wote waliridhika isipokuwa sista aliyetufundisha. Alinivuta kando akanigeuza mkono.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni sindano, sista."

"Sindano haina vidole," akaniambia. Nilishusha sweta nikaondoka.

Asubuhi ya mtihani wa vitendo nilikuwa nimeshavaa koti jeupe. Mume wangu alisimama mlangoni.

"Leo pia unaenda kushikwa?"

"Ni mtihani. Wacha nimalize tu, tafadhali."

Aliuchukua mkono wangu wa kulia bila haraka, akauweka kwenye fremu, akausukuma mlango kwa bega. Nilisikia kidole kikivunjika kabla sijasikia uchungu. Akaufungua. Akaufunga tena. Nilikuwa nimepiga magoti, nimetapika kwenye koti langu, naye akaniruka akitoka. "Sasa enda uwadunge," akasema.

Nilikiosha kile kidole, nikakifunga kwa kitambaa cha kichwa, nikaenda. Chuoni niliwaambia ni upepo uliofunga mlango. Nikashika sindano kwa mkono wa kushoto, mkono ambao sikuwahi kuutumia hata kushika kalamu. Yule kijana wa Doldol alitazama kitambaa changu kilivyolowa, akafumba macho, akanyoosha mkono wake. "Dunga tu, dada." Damu ilikuja mara ya kwanza, na nikapita. Kidole changu cha kati hakijakunjika mpaka leo.

Najua mtaniuliza mbona sikutoroka. Nilikuwa na mimba, na baba yangu alishasema mke harudi kwao kwa sababu ya kofi. Baadaye mume wangu aliokoka, akaacha kunipiga. Husema Mungu amemsamehe. Mimi hajawahi kuniomba msamaha.

Mimba hiyo ndiyo binti yetu. Ameolewa Nanyuki na sasa anasomea kazi yangu. Anampenda baba yake sana. Siku ya harusi alisimama mbele ya watu akasema alimwomba Mungu mume kama baba, na Mungu akajibu. Kuhusu kidole changu, anajua ni upepo.

Jumapili iliyopita alikuja peke yake. Jua lilikuwa kali naye amevaa sweta. Alipokunja mkono aoshe vikombe, nikaona alama nyeusi juu ya kiwiko, upande wa nyuma, mahali ambapo hakuna mtu hutoa damu. Nne upande mmoja, moja upande wa pili.

"Hiyo ni nini?"

"Ni masomo, mum. Si unajua vile huwa tunadungana."

Chuo chao kina mikono ya mpira. Yeye mwenyewe alinionyesha picha. Nikamgeukia mume wangu pale mezani na chai yake, kwa sababu hakuna mwingine duniani anayelijua jibu hilo kama sisi wawili. Alikuwa ameona. Aliangalia ndani ya kikombe, akasema kwa upole, "Hizo zitapona. Hata mama yako alikuwa nazo."

Binti yangu alitabasamu, akashusha sweta. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaendelea kupanguza vikombe.

Nikimwambia nilijuaje, nitakuwa nimemuua baba aliye moyoni mwake, na labda asiniamini. Nikinyamaza, mume wake wa Nanyuki naye ana milango. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nimemwita aje kesho, baba yake akiwa kanisani, na amekubali. Nyinyi mlio na watoto, nishaurini, nifanye nini? Akiketi mbele yangu nianzie wapi, kwa mkono wake au kwa kidole changu?