Bibi wa Safu ya Mbele

Wilfred Sugden, tuliyemwita Wilf, alicheza mieleka ya kulipwa kwa miaka kumi na tisa, na karibu muda wote huo alikuwa mtu wa kushindwa. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya, kwani matokeo yalipangwa kabla. Aliingia ulingoni kwa madharau, akamvuta mwenzake nywele refa akigeuka, mwisho akabwagwa chini na ukumbi mzima ukafurahi. Akina mama wa huku kwetu Halifax, kaskazini mwa Uingereza, walikuwa wakimchapa kwa mikoba akipita. Mmoja, kule mji jirani wa Keighley, alimchoma paja kwa pini ya kofia.

Mimi nilimjua alipokwisha kuacha mieleka, tukifanya kazi pamoja kwenye duka la mikate. Mwaka 1986 alikuwa na miaka sitini na mmoja. Jumamosi moja nikiwa kwake, mpwa wake Glenys, mwalimu wa hesabu, alikuja na kompyuta ndogo, akaichomeka kwenye televisheni, akaweka kaseti yenye programu. Tulimaliza birika la chai tukiisubiri imalize kupakia kwa makelele yake. Glenys alikuwa anatunga mchezo wa kompyuta wa mieleka, wenye wapiganaji wanane.

"Mjomba, huyu mwenye bukta nyeusi ni wewe."

Wilf alijitazama. "Mbona ninaanguka kama gunia la viazi?"

"Kwani watu huangukaje?"

"Sogezeni meza."

Mkewe Edna na mimi tuliisogeza. Wilf akajitupa kwenye zulia kwa mgongo, kidevu kifuani, mikono ikipiga sakafu kwanza. Picha ya harusi ikatikisika ukutani.

"Mkono ndio unaopokea uzito," alisema akiwa chini. "Na ndio unaotoa mlio."

"Utavunjika kiuno, mzee wewe," Edna akamwambia.

"Nikivunjika utanikanda."

Alianguka mara kumi na tatu, Glenys akichora kila hatua kwenye karatasi ya miraba. Alipoketi tena, Wilf aliwaangalia watazamaji kwenye skrini. Walikuwa vidoa vya kijivu visivyosogea.

"Na hawa? Wamekufa?"

"Kumbukumbu ya mashine imejaa, Mjomba. Nikitaka hata mmoja asogee, lazima nimtoe mpiganaji."

"Nitoe mimi."

"Acha utani."

"Sitanii. Bila wa kunizomea, mimi nilikuwa jibaba lililovaa bukta, basi. Weka bibi mwenye mkoba."

Glenys alibisha wiki mbili. Ya tatu akamtoa yule mwenye bukta nyeusi. Mchezo ulipoingia madukani ulikuwa na wapiganaji saba, na bibi mmoja mwenye koti la kijani aliyeinuka safu ya mbele kumchapa yeyote aliyecheza rafu karibu na kamba. Watu walimpenda kuliko wapiganaji wenyewe. Kazini tulimtania Wilf kwamba amejifuta akamwachia nafasi ajuza.

"Amenifanyia kazi miaka kumi na tisa," alisema, akiendelea kupanga mikate.

Edna hakuwahi kwenda kumwona mumewe ulingoni hata siku moja. Hakuweza kuvumilia kumwona akitupwa. Lakini mchezo huu aliupenda. Kila Jumapili, baada ya nyama ya kuoka, waliketi wawili mbele ya kibodi, vidole vinene vya Wilf vikibonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Nilipowakuta mara ya kwanza, Edna alikuwa amekwisha kumbwaga mara nne.

"Kumbe ndiyo raha uliyokuwa unanificha," alisema bila kuondoa macho kwenye skrini.

Wilf alicheka, akaniachia kiti chake, akaenda kutia maji kwenye birika.