Foleni ya Kusukuma kwa Bega

Steji yetu ya teksi pale eapoti, gari halisongi kwa petroli. La kwanza likipata mteja na kuondoka, sisi wote wa nyuma tunatoka nje, tunatoa gia, mkono mmoja kwa usukani, bega kwenye nguzo ya mlango, tunasukuma hatua nne tano, halafu tunarudi kukaa. Ukiwasha injini kila foleni ikisonga, tangi litakauka kabla hujaona abiria. Hakuna aliyenifundisha. Niliwakuta wazee wakifanya hivyo. Wengi wao wamekufa, ila mmoja najua anafuga nguruwe huko Gatundu, na nguruwe wake wananuka hadi barabarani. Lakini hiyo si habari yangu.

Habari yangu ni henia. Ilinishika nikiwa nasukuma hivyo hivyo. Nilisikia kitu kikiachia hapa chini ya tumbo, nikadhani ni mshipi umekatika. Nikasukuma tu. Nilikaa nayo karibu mwaka, nikiishikilia kwa kiganja nikikohoa, mpaka mke wangu akaniona nikioga akaanza kulia. Nikapasuliwa Thika. Daktari, msichana mdogo hivi, akaniita babu kwa Kikuyu: "Guka, miezi mitatu usiinue kitu kizito kuliko jagi la maji."

Nikamuuliza, "Na kusukuma?"

"Kusukuma nini?"

Nikamwambia si kitu. Kumweleza mtu wa hospitali habari ya foleni yetu ni kazi.

Nilikaa nyumbani Mwiki, huku Ruiru, wiki tano. Siku za kwanza nilihesabu nyufa za dari, baadaye hata kuhesabu nikaacha. Wenzangu niliwaambia niko Ngoliba, kwa kina mke wangu, navuna ndengu. Sikusema ukweli kwa sababu moja. Madereva wetu wana mwenyekiti, mtu mzuri, hana kelele. Akiona mzee amechoka anamwita kando Ijumaa waongee kidogo, anamwambia amefanya kazi vya kutosha, wanamchangia, wanampigia makofi, na nafasi yake kwenye steji inapewa mwingine. Nimeona wawili wakifanyiwa hivyo. Mimi mwenyewe nilichanga, na makofi nilipiga.

Basi wiki ya sita nikarudi. Na kwa vile siwezi kusukuma, kila foleni ikisonga nikawa nawasha injini. Mara hiyo hiyo wakaniona.

"Haiya! Guka anasonga na petroli!"

"Ndengu zilikubali! Guka amekuwa tajiri!"

"Guka, hata mimi nivute na kamba basi, si tumetoka mbali na wewe."

Aliyesema hivyo ni dereva wa Thika ambaye kawaida tunafuatana kwenye foleni, mtu wa miaka hamsini hivi, mdomo wake haujui Jumapili. Nikamjibu, "Kamba peleka ukafunge mbuzi wa baba yako." Wakacheka, nami nikacheka kidogo, nikishikilia mshono kwa ndani ya koti.

Siku ya tatu nikafika mbele. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, jua limeanza kuuma. Kuwa wa kwanza pale siku hizi si jambo la furaha kama zamani. Unaona watu wakitoka, unanyoosha shingo, na wao wanapita wakiangalia simu zao, kwa sababu teksi ya simu inawasubiri kule upande wa pili. Watu wa Membley, ule mtaa wa wenye pesa, hata hawatuangalii. Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Sasa naona miguu tu ikipita, viatu na magurudumu ya masanduku.

Akaja mama mmoja anasukuma toroli. Masanduku matatu makubwa, yamefungwa plastiki, na televisheni ndani ya katoni. Alikuwa anarudi kutoka Uarabuni, alivyoniambia, na nyumbani kwao ni Thika, mbele kidogo ya mji.

Thika! Sijui kama mtu asiyefanya kazi hii anaweza kuelewa. Ni safari ndefu, na ni njia ya kwenda kwangu. Nikishamfikisha, narudi Ruiru, nalala mchana.

Nikafungua buti. Halafu nikasimama.

Yeye naye akasimama. Akaniangalia, akaangalia masanduku. "Mzee, si ushike upande ule, nami nishike huu."

Ningeweza kumwita mwenzangu wa nyuma aniinulie. Ni kumwita tu. Lakini angeuliza kwa nini, na yeye akishajua kitu, steji nzima imejua. Mkono wangu ulikuwa juu ya mpini wa sanduku. Nilijua uzito wake hata bila kulivuta.

"Mama," nikasema, "springi za nyuma zimelegea. Gari halitaweza huo mzigo. Chukua hilo la pili."

Hakubisha. Alikuwa amechoka na safari. Akageuza toroli.

Yule dereva wa Thika, ndiye aliyekuwa nyuma yangu, akatoka, akapakia sanduku la kwanza, la pili. La tatu akaliacha chini, akaja kwangu akainama dirishani. Nilikuwa nimesharudi kukaa. Aliangalia mkono wangu. Kumbe ulikuwa ndani ya koti, umeshika tumbo, na sikujua.

"Ni henia?"

Nikautoa mkono, nikaushika usukani.

"Babangu alikuwa nayo," akasema. "Ungeniambia tu, Guka."

Alimalizia mzigo, akaenda Thika na yule mama. Kabla hajawasha gari nilimwona akisimama na mwenyekiti kidogo tu, kama mtu anayeomba kiberiti.

Nilibaki wa kwanza. Karibu saa sita akatokea mzungu mwenye mkoba wa begani tu, anaenda hoteli ile unayoiona kutoka steji. Nikampeleka, nikarudi, na sheria ni sheria, nikajipanga mwisho wa foleni.

Nilipokuwa nimekaa hapo, gari la mbele kabisa likaondoka. Milango ikafunguka, watu wakatoka kusukuma. Nikapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Usiwashe," mtu akasema nyuma yangu. "Toa gia tu."

Nikaangalia kwenye kioo. Walikuwa wawili, viganja juu ya buti langu, na mmoja alikuwa mwenyekiti. Nikangoja mtu aseme kitu kuhusu ndengu. Hakuna aliyesema. Hata hawakuangaliana.

"Kaa hapo hapo, Guka," mwenyekiti akasema. "Ijumaa tutaongea kidogo."

Nikasema sawa. Sikusikia uchungu, wala aibu, labda vingekuja baadaye. Gari lilianza kusonga, nami nikashika usukani nikalielekeza kule walikokuwa wakinisukuma.